Ritani nusu na makadirio ya VAT
Ndugu, umeuliza kama makadirio ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), yaani kodi ambayo mamlaka ya kodi inakukadiria yenyewe, ni halali ukiwa uliweka ritani (taarifa yako ya kodi) nusu tu, mauzo ya mwezi mzima hayakuingia yote. Kwa hapa Kenya ni halali. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kifungu cha 31 inampa Kamishna wa mamlaka ya kodi, KRA, ruhusa kurekebisha ritani yako kwa taarifa alizonazo, hata kama ni stetimenti za benki au M-Pesa peke yake, ila asikisie tu hewani, lazima kuwe na msingi. Na kawaida harudi nyuma zaidi ya miaka 5, labda kuwe na udanganyifu.

Sasa tatizo liko hapa, kifungu cha 56 cha sheria hiyo hiyo kinasema mzigo wa kuthibitisha ni wako, so ukikaa kimya umekwisha. Una siku 30 kupeleka pingamizi, ulipe ile kodi usiyobishania, na uambatanishe ankara zako zote. Mimi nilishaona deni linashuka kwa sababu pesa za mkopo zilikuwa zimehesabiwa kama mauzo, tafadhali pitia stetimenti mstari kwa mstari leo leo.