Jibu: Maji kuchemka kwa nyuzi 95, kipimajoto kimeharibika?

Dada, usikitupe hicho kipimajoto. Umeuliza kwa nini maji yako hapo Goma yanachemka kwenye nyuzi 95 wakati kitabu kinasema 100. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe, lililo kando ya Goma, liko mita 1460 hivi juu ya bahari. Kwetu hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo yanachemka mapema. Kwa makadirio, punguza nyuzi 1 kila mita 300: 1460 ÷ 300 ni karibu 5. Umeona?

Ila hiyo “95,00” uliyoandika kwenye ripoti, mwalimu ataikata, na ana haki. Kipimajoto chenye alama za nyuzi moja moja hakiwezi kukuonyesha sehemu za mia za nyuzi, kwa hiyo andika 95 ± 0,5, yaani kati ya 94,5 na 95,5. Bado una shaka? Kitie kwenye barafu inayoyeyuka, uone kama kitasoma 0.