Jibu: Kumhamisha rafiki Muscat hadi Salalah, tuondoke usiku?

Habari ndugu. Umeuliza kama muondoke Muscat, Oman, usiku kukwepa joto, mkiwa na pikapu iliyojaa vyombo vya rafiki yako anayehamia Salalah mwezi huu wa Agosti. Nakusihi, msiondoke usiku. Ni kama kilomita 1,000, na ukishapita mji wa Adam ngamia huvuka barabara gizani. Rangi yao ni ya mchanga ule ule, huwaoni mpaka wako mbele ya taa.

Mimi nilimhamisha shemeji yangu msimu kama huu, tukatoka baada ya swala ya alfajiri. Kwanza kabisa kagua matairi, na la akiba pia, upepo upimwe yakiwa bado baridi. Letu lilipasuka kabla ya mji wa Haima: mzigo mzito, upepo mdogo. Jeki ilikuwa chini ya vyombo, ikabidi tushushe kabati zima juani.

Friji isimame wima. Godoro likazeni kamba, hasa upande wa mbele, maana upepo hulinyanyua kama tanga. Jazeni mafuta kila mkikuta kituo, na Haima, kama katikati ya safari, mpumzike. Baada ya mji wa Thumrait, mlimani kuna ukungu mzito, shukeni polepole. Nazungumzia pikapu tu. Lori sijawahi kuliendesha njia hiyo.