Jibu kwa mleta uzi: blogu iliniletea wanunuzi wa kitabu, ila si wale niliowatarajia

Mkuu mleta uzi, nimekusoma mara mbili. Umeandika kitabu cha kurasa 60 kuhusu bustani za mboga za nyumbani, umekifanya PDF, ukarusha linki Facebook na kwenye stetasi. Wiki tatu zimepita umeuza nakala 4, na 3 kati ya hizo wamenunua ndugu zako. Unauliza ukifungua blogu sasa hivi itasaidia au utapoteza muda. Wadau hapo juu wamegawanyika: wengine wanasema blogu zilishakufa, wengine wanakwambia ulipie matangazo. Mimi hiyo njia nimeipita na nimejikwaa karibu kila kona, kwa hiyo vumilia niandike kirefu.

Ni fundi cherehani, niko Morogoro. Kitabu changu kinamfundisha mtu anayejifunzia nyumbani kukata na kushona gauni la kitenge. Toleo la kwanza nililitoa 2020 bila blogu, bila chochote, kama wewe. Niliuza 6. Mmoja wa hao sita ni mama mwenye nyumba wangu, ambaye simu yake ni ya tochi na hiyo PDF hajaifungua mpaka leo. Alinunua kwa huruma, akaniambia "utanishonea siku moja".

Blogu nilifungua mwaka uliofuata, ile ya bure ya Blogger, nikaanza kuandika makala moja kila Jumapili usiku wateja wakiwa hawanisumbui. Miezi mitatu ya mwanzo wasomaji walikuwa mimi na mdogo wangu. Nilikuwa naandika kama mwalimu wa chuo anayetafuta kupandishwa cheo. Makala yangu ya pili, sitanii, iliitwa "Kanuni za Uunganishaji wa Mikono katika Mavazi ya Kike". Nani ataandika hivyo Google saa tano usiku gauni limemshinda?

Kilichonifumbua macho ni binti mmoja aliyekuja ofisini na gauni alilojishonea. Akalivaa mbele yangu, akaninyooshea kidole: "Dada fundi, mbona linajikunja hapa mbele ya kwapa?" Usiku ule niliandika makala, na kichwa chake kilikuwa swali lake vilevile lilivyotoka mdomoni. Hiyo ndiyo makala iliyoniletea mgeni wa kwanza nisiyemjua, na mpaka leo ndiyo inayoongoza kwa watu walioishia kununua kitabu.

Acha nikuonyeshe ilivyo, maana hapo ndipo penye siri. Wanaoanza kushona wanakunja kitambaa kikawa tabaka nne, wanachora tundu la mkono mara moja, wanakata mbele na nyuma kwa pamoja. Ni haraka na inaonekana ni akili. Sasa mwili wa mtu haufanani mbele na nyuma. Tundu la mbele linatakiwa kuchimbwa ndani zaidi ya la nyuma, kama sentimita moja hivi. Usipochimba, ile nyama ya kitambaa iliyobaki inakosa pa kwenda, inajikunja mbele ya kwapa. Nilipiga picha nne tu kwa simu: kitenge mezani kikiwa na alama za chaki, mkasi unaingia upande wa mbele peke yake, kipande kilichotoka (chembamba kama mwezi mchanga) nimekishika kiganjani, na gauni likiwa limevaliwa. Kwenye picha ya kwanza maua ya kitenge yanaangalia chini, na watu watatu walinisema kwenye maoni. Walikuwa na haki. Nilifurahi zaidi ya kusifiwa, kwa sababu mtu anayeona maua yameangalia chini ni mtu aliyetazama picha kwa makini.

Mwishoni niliandika: hapa tumerekebisha tundu, bado mkono wenyewe, na mkono una hesabu yake. Nikaweka namba ya WhatsApp ya ofisini.

Hapo sasa naomba unielewe vizuri, maana wengi wanachanganya. Nina makala nyingine, "Cherehani inaruka mishono", ambayo wageni wake ni wengi mara kadhaa kuliko hiyo ya kwapa. Jibu lake ni fupi: mara nyingi ni sindano imepinda, imechoka, au imeingizwa vibaya ule upande bapa haujakaa mahali pake. Badilisha sindano, endelea kushona. Mtu anasoma, anabadilisha sindano ya bei ya pipi, anaondoka zake na simwoni tena. Kwa mwaka mzima nilikuwa najidanganya na hesabu ya wageni wale. Nilikuwa namwonyesha mume wangu grafu, naye anauliza tu "wamelipa?" Hawakulipa, na hawakuwa na sababu ya kulipa, kwa sababu shida yao ilikuwa imekwisha.

Aliyekuja kwa sindano ana shida ya dakika tano. Aliyekuja kwa kwapa anataka kujua kushona, na atakuwa na swali lingine kesho na lingine keshokutwa. Kitabu kinanunuliwa na huyu wa pili. Kwa hiyo usiogope makala yenye wageni 40 kwa mwezi kama hao 40 wanarudi kuuliza. Makala za sindano nazo ziandike, zinaifanya blogu ionekane Google, ila usizipigie hesabu ya unga.

Kwa kitabu chako cha mboga, ukiandika namna ya kuua sisimizi kwenye kiroba, umeandika sindano. Ukiandika "Mchicha wangu wa kwenye viroba unarefuka bila kutoa majani", umeandika kwapa, kwa sababu nyuma ya hilo kuna mwanga, udongo, nafasi kati ya mche na mche, mbolea, na nyuma ya mbolea kuna sura nzima ya kitabu. Na tumia majina wanayotumia watu. Mdudu wa nyanya hapa kwetu ni kantangaze. Ukimwita Tuta absoluta kwenye kichwa cha habari, atakusoma bwana shamba, na bwana shamba hanunui kitabu chako.

Kitu cha pili kilichonisaidia hakina hata intaneti ndani yake: kaunta buku. Kila swali lililoingia WhatsApp au kwenye maoni niliandika kwa maneno ya aliyeuliza, na swali likijirudia naongeza kijiti pembeni. Baada ya kama mwaka mmoja nilikaa nalo chini, nikashika kichwa. Toleo langu la 2020 lilianza na historia ya cherehani na aina za nyuzi, kurasa 11. Kwenye daftari hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza historia ya cherehani. Kwapa lilikuwa na vijiti 31. Zipu ya mgongoni inayovimba, 27. Kupima mtu mwenye nyonga pana, 19. Nilikifumua kitabu chote kama gauni lililokosewa, nikakishona upya kwa mpangilio wa vijiti. Nyuzi zikabaki nusu ukurasa.

Kwa hiyo ninaposema blogu inasaidia kuuza, faida yake kubwa niliipata kabla sijauza chochote: iliniandikia kitabu. Wewe umeshakiandika, sawa, hata mimi nilikuwa nimeshakiandika. Kisitishe kidogo.

Sasa namba za simu. Mgeni wa blogu akifunga ukurasa amepotea, huna pa kumpata. Ndiyo maana kila makala yangu inaishia na WhatsApp, na anayeuliza nikishamjibu namwomba kitu kimoja: hifadhi namba hii. Hilo nilijifunza kwa maumivu. Ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Mara ya kwanza nilituma tangazo la darasa dogo kwa watu 180, nikajibiwa na wanane, nikajua nimechukiwa. Kumbe wengi hawakulipata kabisa. Tangu hapo naandika wazi: "Nihifadhi kama Dada Fundi, makala mpya nitakutumia mimi." Kundi la WhatsApp nilijaribu nikalifunga baada ya wiki sita, ilikuwa ni salamu za asubuhi, picha za maua na mtu anayeuza mafuta ya nywele.

Toleo jipya nilipolitoa nilikuwa na namba 312. Wiki mbili kabla niliweka blogu sura nzima ya kupima mwili, bure, bila kukata chochote. Ndugu zangu walisema nimechanganyikiwa. Lakini mtu akishajipima kwa maelekezo yako na namba zikakaa sawa, hahitaji kushawishiwa. Bei niliweka 7,000, na maelezo yangu yalikuwa sentensi moja: kitabu ni rahisi kuliko kitenge utakachoharibu. Wiki ya kwanza nakala 58, yaani 406,000. Si mtaji wa kufungua duka Kariakoo, ila kumbuka mara ya kwanza niliuza 6 pamoja na mama mwenye nyumba.

Faili lenyewe liangalie kabla hujaenda popote. Langu la kwanza lilikuwa A4, picha zimeingia kama zilivyotoka kwenye kamera, MB 74. Mteja wa kwanza alinitumia picha ya kioo cha simu yake: herufi ndogo kama mayai ya chawa, anavuta kulia, anavuta kushoto, sentensi haimaliziki. Mwingine akaandika tu "dada bando langu". Niligeuza ukurasa ukawa A6, yaani robo ya A4, herufi zikakaa vizuri kwenye simu bila kuvuta, picha nikazipunguza uzito, likawa MB 6. Fungua chako kwenye simu ya bei nafuu kuliko yako, usome kurasa kumi ukiwa umesimama kwenye daladala. Ukikereka wewe, mnunuzi amekereka mara mbili.

Mdau mmoja hapo juu kauliza kuhusu kuibiwa. Ndiyo, kitasambazwa. Changu nilikikuta kwenye chaneli ya Telegram kabla ya miezi miwili. Ninachofanya ni kuandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia, dakika mbili kwa kila nakala. Linampa mtu aibu ya kusambaza, halimzuii mwizi. Watu wawili waliokipata Telegram walinitafuta wakiuliza maswali, nikawajibu, mmoja akanilipa mwenyewe bila kuombwa. Yule wa pili bado ananiuliza maswali ya bure mpaka leo, Mungu amsamehe.

La sheria nalipita haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni kwa blogu na ada ya shilingi 1,000,000, na tangu hapo zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo soma zilizopo sasa za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kabla hujaanza, usitegemee hadithi za jukwaani, hata hii yangu. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa PDF unayoiuza kwa mkono si lazima, ukitaka kuingia maduka ya vitabu utaihitaji.

Matangazo ya kulipia sikwambii usijaribu. Mimi nililipia mara moja, nikaletewa "bei?" 90 na wanunuzi 2. "Bei?" ni kabila la watu peke yake.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: ile linki iondoe kwa muda, wale wanne waliokinunua uwaulize ni ukurasa gani waliurudia (hata ndugu, tena ndugu wabane zaidi), na Jumapili hii uandike makala moja ya swali ambalo jirani amekuuliza akiwa amesimama kwenye uzio wa bustani yako. Moja tu. Ukiiweka, tupia hapa tuione.

Mimi niko kwenye kaunta buku la tatu. Kinachoongoza sasa ni kola ya shati la kiume, vijiti 23, na ukweli ni kwamba kola yangu mimi mwenyewe bado inakaa upande mmoja juu kidogo. Kila Jumamosi jioni naenda kukaa kwa mzee mmoja anayeshona suti jirani na stendi, ananifundisha. Wiki iliyopita amenifumulisha kola ileile mara tatu.