Ukikwama Kuingia Kwenye Akaunti Ukiwa Ndani ya Tor

Kabla hujagusa mpangilio wowote wa Tor Browser, kivinjari kinachoficha ulipo kwa kupitisha mawasiliano yako kwenye mtandao wa Tor, tazama umekwama wapi. Ukurasa haufunguki, au unafunguka lakini kitufe cha kuingia hakiitiki, au unaingia kisha unatupwa nje? Kila tatizo lina chanzo chake.

Ukurasa usipofunguka kwa sababu ya onyo la cheti cha usalama, yaani kile kinachothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe, hilo ndilo la kupewa uzito kuliko yote. Anza na saa ya kompyuta. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo kompyuta yenye tarehe mbovu hukataa hata cheti halali, na saa ikipotoka sana Tor yenyewe hushindwa kuunganisha. Kagua pia ukanda wa saa, maana hapo wengi hupotea: mishale inaonekana sahihi, kumbe kompyuta inahesabu saa hizo kwa nchi nyingine. Zile namba 6 za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 nazo hukataliwa saa ikiwa mbovu, ila hapo angalia simu inayozitoa.

Saa ikiwa sawa na onyo halijaondoka, bonyeza Ctrl+Shift+L upate njia mpya. Kwa kawaida mawasiliano yako hupita vituo vitatu, yaani kompyuta tatu za mtandao wa Tor, na cha mwisho ndicho kinachofika kwenye tovuti. Onyo likitoweka kwenye njia mpya, kituo cha mwisho cha njia ya awali huenda kilikuwa kinajipenyeza katikati. Tafadhali usibonyeze kitufe cha kukubali hatari ili upite tu. Nywila utakayoandika hapo inaweza kuishia mikononi mwa mtu usiyemjua.

Kitufe kisipoitika, bofya alama ya ngao. Kiwango cha juu kabisa cha usalama huzima JavaScript, yaani programu zinazoendesha kurasa, kwenye tovuti zote, na fomu nyingi za kuingia haziendi bila hiyo. Shuka hadi kiwango cha kati, ambacho huizima kwenye tovuti zisizo na HTTPS (mawasiliano yaliyosimbwa) tu. Hakuna haja ya kurukia cha chini. Ukimaliza kazi, rudisha.

Kutupwa nje mara nyingi hutokana na anwani ya IP, yaani namba ambayo tovuti huona unatokea. Tovuti nyingine hufunga kikao chako kwenye anwani uliyoingia nayo. Njia ikibadilika, zinakuhesabu mgeni. Kwa hiyo badilisha njia kabla ya kuingia, si baada. Wala usichanganye L na U: Ctrl+Shift+U hufunga vichupo vyote na kufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka ili zikutambue), na utaanza upya kila mahali. Kuingia kwa kupitia akaunti ya huduma nyingine nako husumbua, kwa sababu Tor Browser hutenga vidakuzi vya kila tovuti. Tumia nywila ya tovuti husika kama ipo.

Ukipata kosa la 403 (tovuti imekukatalia) au mafumbo ya picha yasiyoisha, huenda kituo chako cha mwisho kimezuiwa. Orodha ya vituo vya mwisho iko hadharani, na yeyote anaweza kuvizuia. Jaribu njia mbili tatu, au tumia anwani ya .onion, yaani ile ya ndani ya Tor, kama tovuti inayo. Usirudierudie nywila, akaunti inaweza kufungwa. Na kwa kuwa utaonekana leo uko Ujerumani, kesho Uholanzi, chukua mapema namba za akiba za kuingilia, maana tovuti ikishakushuku inaweza kukudai uthibitisho papo hapo.