Kisukari cha mumeo huenda si aina ya 2
Pole, dada, kwa haya ya mumeo uliyotuuliza. Mtu wa miaka 38, mwembamba, anayezidi kukonda huku sukari ikifika 18 mmol/L licha ya vidonge vya kisukari, metformin na glibenclamide, huenda kinga yake ya mwili inaishambulia polepole kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini; hiyo ni aina ya 1 inayokuja taratibu ukubwani. Kwa umri huo wengi hudhaniwa wana aina ya 2.

Mwombeni daktari hapo hospitali ya Maweni kipimo cha antibodi za GAD (huonyesha kama kinga inaishambulia kongosho) na C-peptidi (huonyesha kongosho bado inatengeneza insulini kiasi gani). Visipopatikana Kigoma, ulizeni rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. C-peptidi ikiwa chini sana, insulini haikwepeki. Ketoni za mkojo, yaani asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, zipimwe leo; kipimo ni kijiti tu kinachochovywa kwenye mkojo.

Asiache dawa mwenyewe, wala asihamie mizizi ya sokoni, tafadhali. Akitapika, akihema kwa nguvu au pumzi ikinuka kama matunda, mkimbizeni hospitali usiku huohuo: damu imejaa asidi, na inaua.