Msibandue Vitenga

Wadogo zangu mlioanza mazoezi ya maabara, jana tumerudi na maji ya bamvua kutoka Ghuba ya Tanga. Nilipofungua vyombo vyenu nikakuta ncha za matawi peke yake. Jamani, kila mwaka! Aglaopheniidae ni familia niipendayo kuliko zote za haidroidi, wale wanyama wadogo wa baharini wanaoishi wengi pamoja katika koloni yenye matawi kama mmea, kwa hiyo nisikilizeni.

1. Vaeni glavu. Yule Macrorhynchia philippina mweupe, mwenye umbo la unyoya, anawasha kama upupu. Akikugusa suuza kwa maji ya bahari, usisugue.

2. Chukueni koloni pamoja na shina na mizizi. Kipande kidogo kiende kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, kilichobaki kiende fomalini.

3. Msisafishe kitu msichokijua. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa koloni kumi na moja. Nilikesha kwenye hadubini nikiwa na koleo, nikibandua vijimaganda kama vya kunde vilivyoshika matawini. Niliamini ni wadudu wengine waliojipachika, kama chaza kwenye nguzo za gati. Asubuhi nikampelekea msimamizi wangu kazi safi, matawi yote yamenyooka. Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akauliza: “Vitenga viko wapi?”

Nilikuwa nimevimwaga kwenye sinki. Kile kitenga ndicho korbula: kitawi kilichogeuka umbo, mbavu zake zikakunjamana na kukutana juu ili kuvifunika viungo vya uzazi. Mabuu hulelewa humo mpaka watoke. Ndimo pia tunamotazama ili kutenganisha jenasi, yaani makundi ya spishi ndani ya familia, maana ubavu wa korbula ya Lytocarpia una kikombe cha polipi (mnyama mmoja mmoja wa koloni) chini yake, na wa Aglaophenia kwa kawaida hauna. Koloni zangu zote zikaandikwa jina la familia peke yake. Nilirudi mwambani bamvua mbili mfululizo nikitafuta nyingine zenye vitenga, nikapata matawi matupu. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu wale wanyama walikuwa wamekufa tayari na nilichowaulia nilikitupa mwenyewe.

4. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya chupa. Ethanoli hufuta wino.

Kesho leteni vyombo vyenu kabla hamjagusa koleo. Kwenye chupa ya pili jana niliona vitenga viwili, na nataka tuvitazame pamoja.