Kuruhusiwa mapema baada ya malaria kali

Dada, umeuliza kama ni salama mwanao kuruhusiwa baada ya usiku mmoja tu wodini kwa malaria kali. Inawezekana, ila usihesabu usiku, hesabu sindano. Artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, huchomwa mtoto anapofika, baada ya saa 12, kisha saa 24 tangu ile ya kwanza. Hizo tatu ndizo za chini kabisa. Na awe anakula na kunywa bila kutapika, anakaa mwenyewe kama zamani.

Sindano peke yake hazimalizi tiba. Atoke na dawa mseto ya siku 3, vidonge mkononi, si jina la dawa kwenye karatasi. Sisi tuliruhusiwa jioni dirisha la dawa limeshafungwa, tukazunguka na bodaboda mpaka usiku! Mpe na maziwa au uji wa karanga, mafuta husaidia dawa kuingia mwilini.

Uliza pia tarehe ya kurudi kupima wingi wa damu, wiki ya pili hivi. Kuna watoto damu hushuka baada ya artesuneti, homa ikiwa imeshasahaulika. Ukiona viganja vimepauka au mkojo mweusi kama chai ya rangi, rudi siku hiyohiyo.